Udi wa Luther na Udi wa Zwingli

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu ashikaye sana elimu ya dini hana budi kuziacha nyimbo na vinanda, kana kwamba ibada na furaha hazikai nyumba moja. Na tuwatazame waalimu wawili wa zamani, tuone kama ndivyo.

Martin Luther alizaliwa Ujerumani mwaka 1483, na Huldrych Zwingli alizaliwa Uswisi mwaka 1484. Wote wawili walikuwa makasisi walioisoma Biblia kwa bidii na kuleta matengenezo ya Kanisa. Na wote wawili walijua kupiga udi. Zwingli hasa alikuwa fundi wa vyombo vingi.

Lakini walipofika mlangoni pa kanisa njia zao ziliachana. Mwaka 1524, mjini Wittenberg, Luther na Johann Walter walitoa kitabu cha nyimbo, ili vijana wapate maneno mema ya kuimba badala ya nyimbo za upuzi. Nyumbani pia, baada ya chakula, Luther alipenda kuimba pamoja na rafiki zake. Mwaka 1530 alimwandikia mtunga nyimbo Ludwig Senfl ya kuwa, baada ya elimu ya Mungu, hakuna elimu iliyo sawa na muziki.

Kwa Zwingli mjini Zürich, kuimba kanisani kulikoma mwaka 1525, na mwaka 1527 kinanda kikubwa cha kanisa la Grossmünster kilivunjwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Zwingli hakuuchukia muziki, maana nyumbani aliendelea kupiga. Aliogopa midomo isiimbe na moyo ukawa mbali. Akafa vitani mwaka 1531, na nyimbo hazikurudi kanisani mpaka mwaka 1598. Mtoto aliyezaliwa siku zile aliweza kuzeeka asisikie wimbo katika ibada ya mji wake.

Hofu ya Zwingli si ya bure. Ngoma ikimkesha mtu hata akasinzia penye sala, imevuka mpaka. Lakini dawa yake ni kipimo, wala si shoka: kitabu na kazi kwanza, kisha wimbo wenye maneno yafahamikayo. Sisi tulio wazazi na waalimu tukiwakataza vijana nyimbo zote, hawataacha kuimba. Wataimba gizani, tusipokuwapo kuwachagulia zilizo njema.