Kisukari Gani?

Waswahili walipoyaita maradhi haya kisukari waliyapa jina la ladha yake, kama walivyofanya zamani sana matabibu wa Bara Hindi, ambao katika vitabu vinavyonasibishwa kwa Sushruta na Charaka waliyataja kuwa ni mkojo wa asali, kwa kuwa sisimizi waliukusanyikia; na matabibu hao hao, wasio na chombo ila macho yao, walibainisha kwamba wapo wapatwao nayo wakingali wadogo na wamekonda, na wapo wapatwao nayo ukubwani, wakiwa wanene. Naye Étienne Lancereaux, tabibu wa Paris, mnamo 1880 alitenga vivyo hivyo kisukari cha wembamba na kisukari cha wanene.

Ikawa ajabu kwamba neema kubwa kupita zote ndiyo iliyoisitiri tofauti hiyo. Frederick Banting na Charles Best walipopata insulini mjini Toronto mwaka 1921, na Januari ya 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa ukingoni mwa mauti, akadungwa dawa hiyo akahuika, wengi walidhani shauri limekwisha: kila mwenye kisukari amepungukiwa na insulini, basi.

Aliyeitia shaka dhana hiyo ni Harold Himsworth wa London. Mwaka 1936 alieleza jinsi alivyowanywesha wagonjwa wake sukari na papo hapo kuwadunga insulini mshipani, kisha akaipima damu yao mara kwa mara. Kwa baadhi yao sukari ilizuilika isipande, na kwa wengine ikapanda kana kwamba dawa haikuingia mwilini kabisa. Kumbe wako waliokosa insulini, na wako ambao miili yao haiitii.

Tangu hapo milango ilizidi kufunguka. Mwaka 1955 Philip Hugh-Jones aliwaeleza wagonjwa wa Jamaika wasioingia katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Mwaka 1974 kingamwili zilizoonekana katika damu zilitoa ithibati kwamba katika aina ya kwanza, ile ya waliokosa insulini, mwili wenyewe huhujumu kongosho lake litoalo insulini. Ikajulikana pia kwamba kiko kisukari cha ujauzito, na kile kirithiwacho kwa kasoro ya jeni moja tu. Na mwaka 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi aina ya tano, inayofungamana na utapiamlo.

Hadithi hii si ya wanazuoni peke yao. Mtoto anayekunywa maji bila kukata kiu, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, anayekonda na kuhema kwa nguvu, aweza kudhaniwa ana malaria, na akakosa insulini ambayo bila yake hataishi, ilhali tone moja la damu kidoleni, likipimwa sukari, lingalitosha kumnusuru. Kwa hiyo tabibu asiridhike kuandika kisukari kisha akafunga daftari, wala mzazi asione haya kumwuliza kwa adabu: ni kisukari gani?