Bonde la Makutupora

Bonde la Makutupora (huandikwa pia Makutapora) ni bonde la nusu kame lililoko kaskazini mwa jiji la Dodoma, katikati ya Tanzania. Visima virefu vilivyochimbwa humo ndivyo vimekuwa tegemeo kuu la maji ya jiji kwa miongo mingi. Bonde hili lina hazina nyingine isiyoonekana kirahisi, nayo ni vipimo vya kina cha maji visimani vilivyoanza kuandikwa katikati ya miaka ya 1950. Afrika ina kumbukumbu chache sana za namna hiyo zenye urefu huo.

Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni karibu milimita 550 kwa mwaka. Jua la bonde hili lina uwezo wa kukausha maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Katika miaka mingi, basi, mvua hulowesha udongo wa juu, mimea ikanywa, na kilichobaki kikapaa hewani kabla hakijashuka chini.

Mwamba wa msingi ni matale na jamaa zake, sehemu ya ngao ya kale ya Tanzania yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba mzima wa aina hii hauna nafasi ya kuweka maji. Maji hukaa pale mwamba ulipooza. Kwa muda mrefu mno, maji yaliyopenya yamegeuza baadhi ya madini yake kuwa mfinyanzi, huku chembe ngumu za kwatzi zikibaki kama changarawe. Karibu na uso wa ardhi mfinyanzi ni mwingi na maji hupita kwa shida. Chini zaidi, mwamba uliooza nusu huwa na chengachenga na nyufa, na hapo ndipo mchimbaji hupata kisima chenye nguvu. Akipita tabaka hilo na kuingia mwamba mzima usio na ufa, anachimba jiwe kavu.

Mipasuko mikubwa ya ardhi, inayohusiana na Bonde la Ufa, imeikata ngao hiyo na kulishusha bonde. Kandokando ya mipasuko mwamba umevunjika na kuoza kwa kina kirefu kuliko kwingine, na ndiyo maana visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikitoa maji tele na cha pili kikiwa kikavu.

Sehemu ya chini ya bonde imefunikwa na udongo mzito wa mbuga. Ukikauka hupasuka, ukilowa huvimba na kuziba, maji yakatuama juu yake hadi yakauke. Kwa hiyo mlango mkuu wa maji hauko kwenye mbuga, ingawa huko ndiko macho huona maji mengi. Uko kwenye mchanga wa mito ya msimu, hasa Kinyasungwe Ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba maji ya mto huu yakivuja kupitia mchanga wa kitanda chake ndiyo hulijaza bonde kwa sehemu kubwa, na kwamba kadiri mto unavyotiririka siku nyingi ndivyo maji ya visimani yanavyopanda. Kwa sababu hiyo, mtu anayezoa mchanga wa mto kwa malori, au kujenga juu ya mkondo wake, anagusa maji ya jiji zima, na jambo hili linastahili uzito zaidi kuliko linavyopewa.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, ulichambua vipimo vya miaka 55. Ulionyesha kwamba maji hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Hushuka taratibu miaka mingi, kisha hupanda kwa kishindo katika msimu wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, jambo linalotokea mara moja au mbili katika muongo. Msimu wa 1997/98 wa El Niño, ambao Watanzania wengi huukumbuka kwa madaraja na barabara zilizosombwa, peke yake uliingiza karibu asilimia 20 ya maji yote yaliyojaa katika miaka hiyo 55.

Kutokana na hali hiyo, wastani wa mwaka ni kipimo kibovu cha kupangia uvunaji wa maji hapa. Anayevuta maji mwaka huu huenda anatumia mafuriko ya miaka minane iliyopita, na hakuna anayejua mafuriko mengine yatakuja lini. Dodoma iliteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia huko kwa wingi mwaka 2016, na tangu hapo watu na mahitaji ya maji yameongezeka haraka. Ndiyo sababu kupima kina cha maji kila mwezi, pamoja na siku ambazo mto unatiririka, ni kazi ya lazima, tena katika visima visivyovutwa, maana kisima kinachovutwa huonyesha nguvu ya pampu zaidi ya hali ya bonde.