Rusinga: Safari fupi kutoka Kisian
Msafiri atokaye Kisian kwenda kisiwa cha Rusinga hana haja ya kuzunguka Ghuba ya Winam kupitia Homa Bay. Barabara ya Bondo humfikisha Ndori, kisha Luanda Kotieno, ambako feri huvuka hadi Mbita. Hapo daraja humwingiza kisiwani.

Huko ndiko liliko kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969, na ndiko Mary Leakey alikofukua fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, mwaka 1948.

Ratiba ya feri iulizwe mapema. Aliyekosa ya mwisho heri alale ng'ambo kuliko kupanda mashua iliyojaa kupita kiasi. Chandarua kisisahaulike, na kuoga ziwani kuepukwe: maradhi ya malaria na kichocho yangalipo.