Medali ya Bulamatari na Kiti cha Wankambo

Wengi kati yetu tumesikia wazee wakisema: huyu alikuwa chefu wa damu, yule alikuwa chefu wa medali. Maneno haya yana historia yake, na inafaa vijana waielewe.

Tarehe 6 Oktoba 1891, mfalme Leopold II alitoa amri juu ya machefu wa inchi yetu. Chefu aliyekubaliwa na Bulamatari alipata karatasi na alama ya cheo. Lakini iliandikwa pia deni lake: vitu vya kutoa, watu wa kazi, vijana wa kuingia jeshi. Ile medali ilikuwa sawa na kamba ya shingo: mwenye kuifunga njo mwenye kuivuta.

Tutazame Bunkeya, kule Katanga. Msiri, mtu wa asili ya Usumbwa katika Tanzania ya leo, alijenga pale ufalme mkubwa, akatawala Wasanga na makabila mengine. Alikataa kukaa chini ya bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891, Kapiteni Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga risasi, akafa. Bodson naye alikufa kwa kidonda alichopata palepale. Kisha Stairs akamkubali Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, ashike fasi ya baba yake. Lakini alimwachia kipande kidogo tu cha inchi. Machefu wengi waliambiwa hawako tena chini ya Wayeke.

Hapa njo penye ugumu. Mukanda-Bantu alikuwa mtoto wa nyumba, hakuna wa kumkatalia damu. Hata hivyo kiti alikipokea mikononi mwa wale waliomuua baba yake. Wasanga, walioasi mbele ya Stairs kufika, walimhesabu adui. Ilimpasa kuhama Bunkeya na kutegemea posti ya Lofoi, na watu wake wakaenda vitani pamoja na askari wa posti. Usalama wake ulitoka kwa bunduki za wengine, na bei ililipwa na vijana wake. Alikufa mwaka 1910.

Tukimwita msaliti tu, tunasahau kwamba alikuwa na watu wa kuokoa. Tukimsifu tu, tunasahau Wasanga waliopigwa. Kisha yeye, Wayeke walirudi Bunkeya, na kiti kikabaki katika nyumba ya Msiri. Sisi tunaona medali pekee isingeweza kufanya hivyo. Ni watu wenyewe waliomtambua.

Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilileta jambo lingine: sekta. Machefu wadogo waliunganishwa chini ya mkubwa mmoja. Aliamuru watu wa koo mbalimbali, na heshima yake ilitoka ofisini.

Ndugu wasomaji, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 207, inasema mamlaka ya desturi inatambuliwa, na inatolewa kufuatana na desturi ya mahali. Maana yake, Serikali inamtambua chefu, haimzai. Ugomvi wa kiti ukizuka, na mmoja akikimbia ofisini kutafuta karatasi, tuulize kwanza wazee wenye kutunza makaburi: nani alimsimika? Halafu tuulize wakaaji: huyu anamlinda nani?