Leseni kama Hati ya Uhaba: Usajili na Mafunzo ya Walimu katika Wilaya za Tanzania Bara, 1974–2020

Katika taaluma nyingi leseni ni kilele. Daktari, wakili au muuguzi huipata baada ya kuhitimu, na akiipoteza hupoteza haki ya kufanya kazi. Katika historia ya ualimu wa Tanzania Bara neno hilo lilibeba maana nyingine. Mwalimu mwenye sifa alisajiliwa. Aliyekosa sifa ndiye aliyepewa leseni. Makala haya yanadai kuwa maana hiyo ya pili haikutokana na uandishi mbovu wa sheria. Ni alama iliyoachwa na namna dola lilivyokabiliana na uhaba wa walimu, na ndiyo inayoeleza kwa nini jaribio la kuigeuza leseni kuwa heshima, kupitia sheria ya mwaka 2018, lilipokelewa kwa shaka.

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978. Sheria hiyo ilikataza mtu yeyote kufundisha bila kutambuliwa na mamlaka ya elimu, kisha ikafungua milango miwili ya kutambuliwa: usajili kwa wenye sifa, na leseni kwa wasiotimiza masharti ya usajili lakini ambao huduma yao ilihitajika. Mlango wa pili ulikusudiwa kuwa wa muda. Hata hivyo, sheria ilipotungwa, nchi ilikuwa tayari imekwishaingiza darasani maelfu ya vijana ambao kwa vipimo vya zamani wasingeitwa walimu.

Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kuwa elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe ndani ya miaka mitatu. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo. Suluhisho likawa kuwachukua wahitimu wa darasa la saba na kuwafunza hukohuko vijijini, huku wakifundisha. Mpango huo wa mafunzo ya ualimu kwa masafa, ulioanza mwaka 1976, ulichukua miaka mitatu kwa kila mkupuo na ulipokea zaidi ya watu 40,000. Mwanafunzi-mwalimu alifundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu nyingine, akitumia masomo yaliyoandikwa kwa njia ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi wa kuzunguka. Mwishoni alikwenda chuoni kwa wiki chache, akafanya mtihani na kupimwa ufundishaji wake. Aliyefaulu alipata Daraja la IIIC.

Watafiti wengi wameutazama mpango huu kama upungufu wa ubora, na watani wa mitaani waliufasiri ufupisho wa Kiingereza UPE kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”. Mtazamo huo una ukweli ndani yake, lakini unaficha jambo ambalo kwa historia ya mafunzo kazini ni kubwa zaidi. Ulikuwa mpango wa kwanza wa kitaifa uliochukulia kwamba mwalimu anaweza kutengenezwa akiwa kazini, ndani ya wilaya yake, kwa usimamizi wa karibu. Mkufunzi alimfuata mwalimu. Mwalimu hakumfuata mkufunzi. Fedha na watu wa kuzunguka vilipopungua katika miaka ya 1980, walimu wale walibaki na daraja lao la chini bila ule msaada uliolihalalisha.

Deni hilo lilidaiwa baadaye, na aliyelilipa ni mwalimu mwenyewe. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza 2002, walimu wa Daraja la IIIB na IIIC walitakiwa wajiendeleze hadi IIIA. Kwa mtu aliyeishia darasa la saba, kikwazo kilikuwa cheti cha kidato cha nne kuliko mbinu za kufundisha. Wengi walilazimika kurudi kwenye mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wakishindana na vijana waliowahi kuwafundisha kusoma. Miaka ishirini na zaidi ya ubao na chaki haikuwa na alama katika hesabu hiyo.

Wakati kundi la zamani likisukumwa lipande, kundi jipya lilipitishwa katika mlango uleule wa uhaba. Upanuzi wa sekondari chini ya MMES kuanzia 2004, na hasa ujenzi wa haraka wa shule za kata baada ya 2005, uliacha madarasa bila walimu. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa shuleni. Rasmi walikuwa walimu wa leseni. Wanafunzi na wazazi waliwaita “Voda Fasta”, jina la huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Dhihaka hiyo inafaa kuchukuliwa kwa uzito kama ushahidi wa kihistoria: inaonyesha kuwa kufikia katikati ya miaka ya 2000 umma ulikuwa umeshajifunza kusoma neno “leseni” kama taarifa ya kilichokosekana.

Ni katika hali hiyo Bunge lilipitisha, mwaka 2018, sheria ya kuunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania. Usajili na leseni sasa vilikusudiwa kumhusu kila mwalimu, na hata aliyehitimu vizuri angehitaji kile ambacho zamani kilikuwa kitambulisho cha asiyehitimu. Sheria ilikuja miaka mitatu tu baada ya Sheria Na. 25 ya 2015, iliyounda Tume ya Utumishi wa Walimu kushughulikia ajira, madaraja na nidhamu. Mwalimu aliyeko wilayani alijikuta chini ya mamlaka kadhaa: tume inayoshughulikia utumishi wake, halmashauri inayomsimamia na kumgharimia, wizara inayoweka mtaala, na bodi ya kumthibitisha. Swali la nani angelipa ada, na mwalimu angepata nini asichokuwa nacho, lilikuwa la haki kabisa. Kulitafsiri kama woga wa kupimwa, kama ilivyofanywa nyakati nyingine, ni kusahau kilichowapata walimu wa IIIC.

Upande wa mafunzo ulifuata njia yake. Kiunzi cha mafunzo endelevu ya walimu kazini (MEWAKA) cha mwaka 2020 kilirudisha kitovu cha mafunzo shuleni, kupitia jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu hukutana kujadili masomo yanayowatatiza, na kupitia klasta za shule jirani. Kwa kiasi fulani ni wazo la 1976 lililorudi bila kutajwa jina. Tofauti ni kwamba mpango wa 1976 uliambatanisha kujifunza na daraja: aliyemaliza aliajiriwa akiwa mwalimu kamili wa ngazi yake. Jumuiya ya ujifunzaji hutegemea mwalimu mkuu mwenye nia, ratiba yenye nafasi na Afisa Elimu Kata mwenye nauli ya kufika. Tena hudai wingi wa watu. Shule yenye walimu wawili kwa madarasa saba inaweza kuunda jumuiya katika taarifa inayopelekwa wilayani, lakini walimu hao wawili wakikaa kikao saa za kazi, madarasa yote saba hubaki bila mwalimu.