Harusi ya Superman iliyosubiri runinga

Juma hili nimekaa siku nne bila kuandika msimbo wowote wa maana, kwa kuwa kazi yangu inategemea sehemu ambayo timu nyingine haijaimaliza. Katika kungoja huko nikakumbuka harusi ya Superman, nikaona afadhali niwasimulie. Ukiitazama vizuri, ni hadithi ya ratiba kabla ya kuwa hadithi ya mapenzi.

Superman na Lois Lane walitokea pamoja katika toleo la kwanza la Action Comics, mwaka 1938. Kwa zaidi ya miaka hamsini Lois alimhusudu shujaa huyo na kumpuuza Clark Kent, mwandishi mwenzake, bila kujua kwamba ni mtu mmoja. Mwaka 1990, katika toleo la 50 la Superman, Clark alimposa na Lois akakubali. Mwanzoni mwa 1991 akamfunulia siri yake. Kilichobaki ni harusi tu.

Sasa angalia jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa. Kufikia katikati ya 1991 kisa cha Superman kiliendelea katika majarida manne tofauti, kila moja na mwandishi na wachoraji wake. Ili msomaji asipotee, jalada la kila toleo lilichorwa pembetatu ndogo yenye namba ya mfuatano. Sisi watu wa programu tungesema ni mradi mmoja wenye hazina nne za msimbo! Mhariri, Mike Carlin, alikuwa akiwakusanya wote mkutanoni kupanga mambo ya miezi mingi mbele, na harusi ilikuwa kwenye mpango.

Halafu runinga ikaingia. Kipindi cha Lois & Clark kilikuwa kikiandaliwa (kilianza kurushwa na ABC Septemba 1993), na ikaamuliwa kwamba harusi ya kwenye majarida ingoje ya kwenye runinga. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Waandishi wakabaki na shimo katikati ya mpango wao.

Jerry Ordway, mmoja wao, alikuwa na mzaha aliouleta kila mkutano: basi tumuueni. Safari hii hakuna aliyeupuuza. Novemba 1992 likatoka toleo la 75 la Superman, lililoandikwa na kuchorwa na Dan Jurgens. Shujaa alikufa mikononi mwa Lois. Nakala nyingine ziliuzwa ndani ya mfuko mweusi wenye kitambaa cha matanga cha kufunga mkononi, na mamilioni ya nakala yakanunuliwa. Ndani ya hadithi, ulimwengu ulimlilia Superman hadharani, lakini Lois hakuweza kumwambia mtu kwamba aliyezikwa ni mchumba wake.

Superman akafufuka 1993. Harusi je? Bado! Mambo yakavurugika hata zaidi: mapema 1996 majarida yalikuwa yamewavunjia uchumba. Runinga ilipokuwa tayari hatimaye, ikabidi wapatanishwe upesi. Kipindi cha harusi kilirushwa tarehe 6 Oktoba 1996, na mwezi huohuo likatoka toleo maalumu la harusi, lililochorwa na wasanii wengi waliowahi kumchora Superman miaka iliyotangulia.

Miezi michache baadaye, mwaka 1997, kipindi cha runinga kilifutwa. Ndoa ya kwenye majarida ikaendelea hadi 2011, kampuni ilipoanza hadithi zake upya na kuifuta, kisha ikarudishwa miaka michache baadaye.

Linalonigusa zaidi limo ndani ya toleo lile la harusi. Kasisi anayewafungisha ndoa amechorwa kwa sura ya Jerry Siegel, aliyembuni Superman pamoja na Joe Shuster. Mwaka 1938 vijana hao wawili waliuza haki zao kwa dola 130. Siegel alifariki Januari 1996, kwa hiyo ile miezi ya kungoja ilimpita. Wachoraji hawakuwa na uwezo juu ya ratiba wala juu ya haki zake. Sura ya kasisi, angalau, ilikuwa mikononi mwao.

Haya, acha nikaangalie kama wale wenzangu wamemaliza. Tukutane juma lijalo.