Abati Mwenye Jembe: Habari za Bustani Ndogo ya Reichenau

Wahenga walisema, Mchumia juani hulia kivulini. Neno hili lafahamika kwa kila mkulima, lakini wako watu wadhanio kuwa halimhusu mtu wa kalamu. Twaona vijana ambao wakiisha kusoma vitabu vichache huona haya kushika jembe mbele ya wenzao, na wazazi wengine, badala ya kuwaonya, huwatetea wakisema, "Mwanangu hakusomeshwa ili alime." Basi katika insha hii nataka kueleza habari za mtu mmoja wa kale, mwanachuoni mkubwa, mwalimu wa mwana wa mfalme, tena mkuu wa watawa, ambaye hata hivyo alilima bustani kwa mikono yake mwenyewe, akaipenda, akaiandikia kitabu. Jina lake ni Walahfrid, naye alifariki mwaka 849.

Kusini mwa nchi ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Uswisi, pana ziwa kubwa ambalo Wajerumani huliita Bodensee. Ndani ya ziwa hilo kuna kisiwa kidogo kiitwacho Reichenau. Mwaka 724 askofu mmoja mtembezi, jina lake Pirmin, alianzisha huko nyumba ya watawa. Watawa wake walishika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika nchi ya Italia yapata miaka mia mbili kabla ya hapo. Kanuni hiyo yaagiza mambo mawili yahusuyo habari yetu. Kwanza, mtawa asikae bure, bali ayagawanye masaa yake kati ya sala, kusoma, na kazi ya mikono. Pili, nyumba ya watawa iwe na maji, na kinu, na bustani ndani ya kiambaza chake, ili watu wasilazimike kutangatanga nje kutafuta riziki.

Katika nyumba hiyo aliletwa mtoto mmoja, mwana wa watu maskini, aliyezaliwa yapata mwaka 808. Watu walimpa jina la Strabo, maana yake mwenye makengeza. Wala yeye hakulionea haya jina hilo, bali alilitumia mwenyewe katika maandiko yake. Mtoto huyu alikuwa na akili nyepesi mno. Alipokuwa kijana alipelekwa Fulda, mbali upande wa kaskazini, kusoma kwa mwalimu Hrabanus Maurus, aliyekuwa mashuhuri katika Ulaya nzima. Huko baridi ilimtesa, akatunga shairi la kukililia kisiwa chake. Mwaka 829 aliitwa katika nyumba ya Kaisari Louis, mwana wa Charlemagne, amfundishe mtoto Charles, aliyezaliwa mwaka 823. Alifanya kazi hiyo hata mwaka 838, ndipo Kaisari alipomweka kuwa abati, yaani mkuu wa watawa, katika kisiwa kile kile alichokulia.

Mtu wa namna hii, je, hakuwa na watumishi wa kumlimia? Hapana shaka walikuwako. Lakini yeye alitunga shairi katika lugha ya Kilatini, lenye mistari 444, juu ya bustani aliyoilima mwenyewe. Watu huliita Hortulus, maana yake Bustani Ndogo. Humo anaeleza mimea 23, mmoja mmoja, sura yake na faida yake. Tena anasema waziwazi kwamba habari hizi hakuziokota katika maneno ya watu wala katika vitabu vikuukuu tu, bali alizipata kwa kazi na kwa kujaribu, siku nyingi ambazo angaliweza kupumzika.

Sikilizeni jinsi alivyoanza. Mbele ya mlango wa nyumba yake palikuwa na kiwanja kidogo kielekeacho mashariki. Majira ya baridi yalipokwisha alikuta kiwanja chote kimeshikwa na magugu yachomayo ngozi, mfano wa upupu wetu, na mizizi yake chini ya ardhi imesukana kama ukili. Akaona kuwa akikawia, mwaka mzima umepotea. Akashika jembe, akaipasua ardhi, akayang'oa magugu na mizizi yake, akaharibu na njia za mafuko walizozichimba chini. Kisha akaacha jua na upepo viukaushe udongo. Akatengeneza vitalu, akavizungushia mbao ili udongo usichukuliwe na mvua, akavinyanyua kidogo juu ya njia. Akayavunja mabonge mpaka yakawa laini, akatia samadi. Mimea mingine aliipanda kwa mbegu, mingine kwa mashina ya zamani. Na mvua ilipokosekana aliteka maji kwa vyombo vikubwa, akayanyunyiza kwa viganja vyake kidogo kidogo, kwa kuwa maji yakimwagwa kwa nguvu huzihamisha mbegu.

Hata hivyo kiwanja chake hakikuwa kizuri. Upande mmoja paa refu liliizuia mvua, na upande mwingine ukuta wa matofali uliliziba jua. Lakini yeye asema kwamba hakuna alichokitia ardhini kisichoota. Hapa pana fundisho kwetu. Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Sina bustani kwa kuwa uwanja wangu ni mdogo," au, "Udongo wangu ni mbaya." Abati huyu hakungoja kupewa shamba, alianza pale pale mlangoni, na kwenye magugu.

Kati ya mimea yake uko mmoja ambao kila msomaji wa gazeti hili aujua, nao ni mmumunye. Ameusifu kwa maneno mengi: jinsi unavyopanda juu ya miti kwa vikono vyake, jinsi tunda zito linavyoning'inia kwa kikonyo chembamba. Asema kwamba likiwa changa hupikwa kwa mafuta likawa kitoweo kitamu, na likikomaa hukaushwa, hutolewa matumbo, likawa chombo cha kutilia kinywaji. Je, hicho si kibuyu chetu? Naam, ndicho. Maboga tuyajuayo leo yalitoka Amerika, nayo hayakujulikana katika Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Lakini mmumunye ni mmea wa kale ambao asili yake ni bara hili letu la Afrika. Basi, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, katika kisiwa cha nchi ya baridi, mtawa alikuwa akifurahia mmea uliotoka kwetu. Bustani haina mipaka ya mataifa.

Mimea mingine pia twaijua: tikiti, nanaa, shamari, figili, waridi na yungiyungi. Juu ya nanaa asema aina zake ni nyingi hata hazihesabiki. Juu ya figili asema kuwa hutuliza kikohozi. Mengi katika shairi lake ni habari za dawa, kwa maana siku zile hospitali ya watu ilikuwa bustani. Sisi leo hatuna budi kumwendea mganga aliyesomea kazi yake. Si kila dawa ya kale ni ya kufuatwa. Lakini kitunguu, mboga za majani na matunda yaliyochumwa leo mlangoni hata sasa ni ulinzi wa afya, nao hawahitaji fedha nyingi.

Mmea aliouweka wa kwanza ni ule uitwao salvia, wenye harufu nzuri. Ameusifu, kisha amesema kwamba una ubaya mmoja: machipukizi yake machanga, yasipopunguzwa, hulisonga shina la zamani lililoyazaa mpaka likafa. Wasomaji wengi wameona kwamba hapa hakusema habari za mmea peke yake. Kwa maana mwaka 830, na tena mwaka 833, wana wa Kaisari Louis walimwasi baba yao, wakamtoa katika ufalme kwa muda. Walahfrid aliishi katika nyumba ile ile, akayaona yote kwa macho yake. Na Kaisari alipokufa mwaka 840, ndugu wale wakapigana wao kwa wao. Walahfrid alishikamana na Lothar, mwana wa kwanza; mdogo wake, aitwaye pia Louis, akamfukuza kisiwani. Alikaa ugenini kwa muda wa miaka miwili, kisha mwaka 842 akarudishwa mahali pake. Miaka saba baadaye alitumwa kwenda kwa Mfalme Charles, yule yule aliyemfundisha utotoni, naye alipokuwa akivuka mto Loire katika Ufaransa, akazama majini akafa. Umri wake ulikuwa yapata miaka arobaini tu.

Tafakarini jambo hili. Vita vya wafalme wale vilishughulisha majeshi na kumwaga damu nyingi, na leo ni watu wachache wajuao majina ya mahali walipopigana. Lakini maneno ya mtu aliyeng'oa magugu mbele ya mlango wake yalihifadhiwa, yakapigwa chapa mara ya kwanza huko Vienna mwaka 1510, nayo husomwa hata leo. Na katika kisiwa cha Reichenau watu wangali wanalima mboga nyingi za kuuza. Tena karibu na kanisa la kale wamepanda bustani yenye mimea ile aliyoitaja.

Wala yeye hakuwa peke yake. Katika maktaba ya St. Gallen, mji wa Uswisi, imehifadhiwa ramani moja ya ngozi iliyochorwa Reichenau katika siku zake, kuonyesha jinsi nyumba ya watawa ipasavyo kujengwa. Humo bustani ya mboga ina vitalu 18, na kila kitalu kimeandikwa jina la mmea wake: vitunguu, vitunguu saumu, giligilani, kabichi, na mingineyo. Bustani ya dawa ina vitalu 16, nayo iko karibu na nyumba ya mganga. Hata makaburi yao yamechorwa yakiwa na miti ya matunda. Na mabanda ya kuku na bata bukini yamewekwa jirani na bustani ya mboga; mkulima mwenye akili atafahamu faida yake bila kuambiwa.

Desturi hii ilifika hata kwetu. Watawa wa Kanuni ile ile ya Benedikto walikuja Tanganyika katika karne ya 19, wakaanzisha Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Na huko pia kanisa, shule, hospitali na bustani vilikwenda pamoja.

Sasa, mtu apendaye kumfuata abati huyu, na azingatie mambo machache. Kwanza, aanze na kiwanja kidogo karibu na mlango, kwa kuwa bustani iliyo mbali husahauliwa. Pili, magugu yang'olewe na mizizi yake kabla hayajatoa mbegu. Kuyafyeka juu tu ni kuyachelewesha. Tatu, vitalu viwe vyembamba, hata mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Nne, samadi iachwe ioze vizuri, maana samadi mbichi huunguza miche. Tano, maji yanyunyizwe polepole asubuhi au jioni, wala yasimwagwe kwa kishindo. Sita, miche ikisongamana ipunguzwe bila huruma, tukikumbuka habari za salvia. Na saba, kila jambo lililofaa na lisilofaa liandikwe katika daftari, maana hapo ndipo kalamu na jembe husaidiana.

Lakini faida si chakula peke yake. Raha ya bustani haina bei: kutoka alfajiri na kukuta mbegu zimepasua udongo, kunusa nanaa mkononi, kumpelekea jirani mgonjwa figili chache au kikapu cha mboga. Tena ni shule ya subira, kwa maana hakuna mtu, awe tajiri au maskini, awezaye kuliamuru ua lichanue kabla ya siku yake. Maandiko yatufundisha kwamba Mungu alipomwumba mtu alimweka bustanini ailime na kuitunza, nayo ilikuwa kabla ya dhambi. Basi kulima si adhabu. Ni kazi ya kwanza ya heshima aliyopewa mwanadamu.

Shairi la Walahfrid lamalizika kwa kumtolea kitabu rafiki yake Grimald, aliyekuwa abati wa St. Gallen tangu mwaka 841. Amemfikiri ameketi katika bustani yake, chini ya kivuli cha miti ya matunda, anasoma, na watoto wa shule wanacheza karibu naye wakiyaokota matunda na kumletea. Mwalimu, kitabu, watoto, na kivuli cha mti uliopandwa kwa mkono: hivyo vyote vyawezekana katika kila kijiji chetu. Basi enyi wazazi, mpeni mtoto kalamu, na kona ya uwanja mpeni pia. Na ninyi vijana mliosoma, msiogope kuonekana na udongo mikononi. Udongo huoshwa kwa maji, lakini aibu ya nyumba yenye njaa na uwanja mtupu haioshwi kwa maneno.